Krimu Iliyofaulu Usoni pa Picha

Hapo juzi, wala si kale kama mnavyopenda kuambiwa, palikuwa na nchi iitwayo Telezi. Msihangaike kuisaka kwenye ramani. Ramani ya Telezi ilikuwa wizarani ikisubiri mhuri, na mwenye ufunguo wa kabati la mhuri alikuwa semina.

Ilikuwa nchi yenye bahati. Maji hayakutoka kila siku, na barabara zilijengwa zaidi redioni kuliko ardhini, lakini Telezi ilikuwa na Kiongozi mwenye uso laini. Picha yake, iliyopigwa miaka thelathini na moja nyuma siku alipoapishwa, ilitundikwa kila ofisi, kila darasa na kila duka, ndani ya fremu ya kioo iliyovishwa utepe wa kijani wa Chama. Uso wenyewe, ule wa nyama, ulikuwa haujaonekana na mtu kwa miaka tisa. Sheria iliona mbali ikaweka kifungu: pale ambapo uso na picha vinatofautiana, picha ndiyo sahihi. Kiwekeni akilini kifungu hicho, maana baadaye kitakula watoto wa watu.

Mambo yalianza Sikukuu ya Vijana. Wanafunzi walikuwa wakipita mbele ya jukwaa na bendera zao, na mgeni mmoja wa ng'ambo, mtu mwema aliyetaka tu kuvunja ukimya, akamuuliza jirani yake, "Hawa watoto wenu mbona wana chunusi hivi?"

Jirani yake alikuwa waziri. Kesho yake Baraza lilikutana kwa dharura, na kesho kutwa Telezi ikapata Wizara ya Nyuso. Waziri wake wa kwanza, Mheshimiwa Fumbwe Kilalo, akasimama mbele ya vipaza sauti kumi na viwili, na viwili kati ya hivyo vilifanya kazi.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenye nia mbaya watawaambia kwamba chunusi ni mambo ya ujana. Mimi nawauliza, chunusi ni nini? Ni uvimbe. Na uvimbe ni nini? Ni kuinuka. Na kuinuka, ndugu zangu, bila kibali, kunaitwaje?"

"Uasi!" wakajibu waliopangwa kujibu, na makofi yakapigwa dakika sita.

Sheria ikatoka jioni ile ile. Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye chunusi zaidi ya tatu hatapigwa picha ya kadi ya mtihani. Asiye na kadi hafanyi mtihani. Muda wa kujirekebisha ni siku thelathini.

*

Siwatu Hamadi alikuwa mfamasia. Duka lake la dawa lilikuwa kona ya Mtaa wa Kinu, na kwa miaka ishirini alikuwa akiwaambia watu mambo ambayo hawakutaka kuyasikia: kwamba dawa humalizwa hata kama homa imepoa, kwamba sindano si bora kuliko kidonge kwa sababu inauma. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Arafa, wa miaka kumi na saba, ambaye tangu darasa la nne alikuwa amesema atakuwa daktari na hakuwahi kubadili kauli. Kwa Siwatu, dunia yote ilikuwa imening'inia kwenye mtihani ule.

Siku Mhesabu Chunusi wa Wilaya alipofika shuleni kwa kina Arafa, alikuja na tochi, rula na daftari la jalada gumu. Alikuwa mtu mwenye kucha ndefu na mikono ambayo haikuonekana kuzoeana na sabuni. Aliwashika mabinti mashavu mmoja baada ya mwingine, akabishana robo saa na msaidizi wake kama chunusi yenye vichwa viwili ni moja au mbili, na alipomfikia Arafa akaandika: arobaini na moja. Ile ya kidevuni aliiwekea maelezo: "kubwa, yenye kiburi."

"Mama, arobaini na moja," Arafa alisema alipofika dukani, akatupa mkoba chini.

"Nimesikia. Njoo hapa kwenye mwanga."

Siwatu akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Umezikamua hizi?"

"Mbili tu."

"Usikamue tena. Ukikamua moja unapanda tatu. Na ile dawa ya meno uliyopaka jana, usidhani sikuinusa, na ndimu, vyote viache jikoni na msalani vilikotoka." Akanyoosha mkono rafuni akashusha tyubu ndogo nyeupe isiyo na picha ya mtu. "Hii ni benzoili, dawa ya chunusi. Nimekuchagulia ile ya nguvu ndogo. Watu huingia hapa wanataka ile kali, wanadhani kali ndiyo inaponya haraka. Haiponyi haraka, inababua haraka. Osha uso taratibu, acha ukauke, chukua kiasi cha punje ya kunde, paka eneo zima. Si kudonoadonoa chunusi moja moja kama kuku. Anza siku moja ndiyo, moja hapana, hadi ngozi izoee. Na utumie taulo jeupe, maana inafuta rangi ya nguo."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki nane. Zikikataa, kumi na mbili. Na mwanzoni huenda uso ukachafuka zaidi."

"Mama! Nimepewa siku thelathini."

"Ngozi haisomi gazeti la serikali, mwanangu."

*

Serikali nayo haikukaa mikono mitupu. Wiki ile ile ikazindua krimu ya taifa, jina lake Mng'ao, iliyotengenezwa na kiwanda cha shemeji yake Waziri, ambaye hadi mwezi uliopita alikuwa akitengeneza rangi ya viatu. Tyubu ilikuwa ya kijani, ilinukia asumini, na iliahidi uso mpya kwa siku saba. Mahali pa kuandika viambato paliandikwa: "Siri ya Taifa." Kila duka la dawa liliamriwa kuiweka mbele, usawa wa macho.

Siwatu aliifungua, akaipaka nyuma ya kiganja, akaisubiri. Hakuhitaji maabara. Chunusi hazifutiki kwa siku saba ila kwa vitu viwili: zebaki, na ile dawa kali ya kutuliza ngozi ambayo daktari huitoa kwa siku chache, tena kwa ugonjwa mwingine kabisa. Alikuwa ameziona krimu kama hizo akiwa mafunzoni. Wiki ya kwanza uso hung'aa hadi mwenyewe ajipende. Mwezi wa tatu ngozi huwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na chunusi hurudi na ukoo wao mzima.

Tangazo jingine likatoka: krimu yoyote isiyopimwa upya marufuku kuuzwa. Siwatu akafurahi, masikini. Alisikia neno "kupimwa" akadhani kuna kitu kitapimwa kweli. Akachukua tyubu moja ya benzoili, akafunga safari hadi Ofisi ya Vipimo.

Mkaguzi Mkuu, Bwana Mshindo Kapera, alimpokea kwa heshima. Akavaa glavu, akasimama mbele ya picha ya Kiongozi iliyokuwa ukutani, akabinya krimu kidogo, akaanza kuipaka juu ya kioo: paji la uso, mashavu yote mawili, pua, kidevu. Alipaka kwa upole kama anayempaka mtoto mchanga mafuta.

"Samahani, Mzee," Siwatu akasema. "Unafanya nini?"

"Napima."

"Lakini hiyo ni picha. Hapo unapaka kioo."

Bwana Kapera akageuka taratibu. "Mama, ulitaka tupime kwenye uso gani? Wangu? Mimi ni nani? Huu ndio uso wa kisheria. Dawa ikiufaa uso huu, itamfaa mwananchi. Isipoufaa, basi mwananchi anayetaka kuitumia tungependa kumjua."

"Mng'ao nayo mliipima hivi?"

"Siku saba kamili." Akafungua jalada, akasoma kwa sauti ya kuapisha. "Chunusi mpya: hakuna. Kuwashwa: hakuna. Kung'aa: kumeongezeka. Malalamiko ya mgonjwa: hakuna."

Siwatu alitaka kucheka, na Bwana Kapera alipoona kwamba anataka kucheka, akaandika kitu pembeni ya jalada. Siwatu akaishusha midomo yake, akaaga.

Alirudi baada ya siku saba. Krimu ilikuwa imechuruzika kutoka kidevuni pa Kiongozi hadi kwenye utepe wa kijani wa Chama, na ilipopita, utepe ulikuwa umebabuka ukawa mweupe pe. Watumishi wote wa ofisi walikuwa wamesimama wakiutazama kama watu waliofiwa. Hati ilikwisha kuandikwa: benzoili imepigwa marufuku katika Jamhuri ya Telezi kwa kosa la kufuta rangi ya Chama mbele ya Kiongozi, tena huku akitazama.

Wakaja dukani, wakabeba boksi zima la benzoili. Hawakujua kuhusu tyubu tatu zilizokuwa nyumbani, chini ya mchele, ndani ya pipa.

*

Kwa kuwa serikali ilikuwa imejifunza jambo moja la kweli kuhusu benzoili, ililitumia vizuri. Waliteuliwa Wakaguzi wa Kamba za Nguo, wakawa wanapita nyuma ya nyumba za watu kutafuta mito na mataulo yenye mabaka meupe. Mama mmoja wa mtaa wa pili alilala mahabusu siku nne kwa ajili ya shuka lililobabuliwa na jiki. Siwatu akanunua bafta nyeupe, ile ya kufanyia sanda, akashona foronya nne.

"Unazika nani?" muuza vitambaa alimuuliza.

"Bado hatujaamua," Siwatu akajibu.

Wiki ya tatu uso wa Arafa ulikuwa vita. Ulikuwa mwekundu, umekauka, unachunika pembeni ya mdomo. Kibibi, rafiki yake waliyekua naye mlango kwa mlango, alikuwa siku ya nane ya Mng'ao na shavu lake ungeweza kujitazamia kama kioo.

"Shoga, acha ukaidi," Kibibi alimwambia, na alisema kwa mapenzi. "Mimi nilikuwa nazo hamsini na mbili. Niangalie. Mama yako ni mtu wa vitabu, lakini hiki si kitabu, ni uso."

Jioni ile Siwatu alimkuta binti yake nyuma ya kaunta ameshika tyubu ya kijani. Kifuniko kilikuwa kimekwisha funguliwa.

"Weka chini, Arafa."

"Zimebaki siku tisa."

"Najua zimebaki ngapi."

"Nitakosa mtihani, mama."

"Utakosa mtihani. Uso hutaukosa."

"Na uso utanisaidia nini nisipokuwa na cheti?" Arafa aliuliza, na hakuwa anabishana, alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia. "Niambie. Nitaingia nao wapi?"

Siwatu akajichukia kwa kujua anachokijua. Asiyejua angempaka mwanawe mwenyewe, kwa furaha, na angelala usingizi. Arafa akakifunga kifuniko. Hakuwa ameshawishika, alikuwa amechoka. Akairudisha tyubu usawa wa macho, kama sheria ilivyotaka.

Siku ya picha alihesabiwa kumi na tisa.

"Zimepungua," Siwatu akasema.

"Zilitakiwa tatu," Arafa akasema, akaenda kulala kabla ya magharibi.

*

Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili wa shule ile walipigwa picha siku hiyo. Waling'aa hadi mpiga picha akaomba taa zipunguzwe. Waziri alitangaza ushindi, barabara moja ikapewa jina la krimu, na Bwana Kapera akapandishwa cheo.

Arafa aliendelea na punje yake ya kunde. Wiki ya saba zile nyekundu zikaanza kusinyaa. Wiki ya kumi na moja Siwatu alimgeuza kwenye mwanga, akatafuta, akapata mbili. Hawakushangilia. Arafa alikuwa anasaidia dukani kufungasha vidonge, na vitabu vyake alikuwa bado anavisoma usiku na mchana, kwa mazoea, kama mtu anayempikia mume aliyekwisha kufa.

Mwezi wa tatu wa Mng'ao ulipopita, nyuso za Telezi zikaanza kupasuka. Kwanza ilikuwa ni jua, ambalo watoto hawakuweza tena kulistahimili. Kisha ngozi ikaonyesha mishipa. Kisha chunusi zikarudi, si arobaini wala hamsini, hazikuhesabika, za usaha, hadi shingoni, na pale zilipokauka paliachwa mashimo na madoa meusi. Waliojaribu kuacha Mng'ao waliwaka moto, wakairudia wakilia. Madaktari walielekezwa kuandika kwenye mafaili "mng'ao wa awamu ya pili". Kibibi akaanza kutoka nje akiwa amejitanda kanga hadi machoni.

Mtihani ukafika. Arafa, asiye na kadi, alimsindikiza Kibibi hadi lango la shule, na Siwatu akawafuata kwa nyuma kwa sababu moyo wake ulikataa kubaki nyumbani. Msimamizi alikuwa amekaa mlangoni na orodha. Alichukua kadi ya Kibibi, akaitazama picha, akamtazama Kibibi.

"Huyu si wewe."

"Ni mimi."

"Huyu ana uso laini. Wewe umemwibia kadi. Sheria iko wazi, binti: uso na picha vikitofautiana, picha ndiyo sahihi. Kaa pembeni."

Mmoja baada ya mwingine, wote mia mbili na kumi na wawili wakakaa pembeni, chini ya ukuta, kila mmoja ameshika picha yake mwenyewe, kila mmoja ametuhumiwa kujiiga. Baadhi ya wazazi walipiga kelele. Wengi hawakupiga, kwa sababu askari walikuwapo na kwa sababu kifungu kilisomwa vizuri.

Hapo ndipo msafara ukaingia. Mheshimiwa Kilalo alikuwa amekuja na kamera kuonyesha taifa matunda ya Wizara ya Nyuso. Akashuka garini akitabasamu, akaangalia ukutani, tabasamu likamkauka. Akawatazama wasaidizi wake. Wasaidizi wakatazama huku na huku, na mmoja akanyoosha kidole.

"Yule," akasema. "Yule aliyesimama."

Waziri akamfuata Arafa mkono wazi, kamera zikimfuata yeye. "Binti yangu! Uso mzuri namna gani! Na umetumia nini?"

Arafa akafungua mdomo. Kisha akamtazama mama yake ng'ambo ya lango.

"Kadi yake iko wapi?" Waziri akauliza.

"Hana, Mheshimiwa."

"Mpigeni picha sasa hivi. Apewe kadi sasa hivi. Uso kama huu ukose mtihani, nchi gani hii?" Akamwinamia Arafa, akashusha sauti ambayo kamera hazikuinasa lakini Siwatu aliisoma midomoni. "Nimekuuliza, umetumia nini?" Akafuata macho ya Arafa hadi kwa Siwatu. "Au nimsaidie kujibu binti huyu, mama?"

Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa wazi. Madawati yalionekana, yamepangwa, yanasubiri. Siwatu aliyatazama madawati, akamtazama Kibibi aliyejifunika kanga chini ya ukuta, akamtazama mwanawe. Kisha akainamisha kichwa. Katika Telezi kuinamisha kichwa ni saini.

"Mng'ao!" Waziri akaziambia kamera.

Arafa alifanya mtihani peke yake, katika ukumbi wenye madawati mia mbili na kumi na matatu. Alikuwa wa kwanza. Alikuwa pia wa mwisho, lakini gazeti liliandika la kwanza tu.

*

Sasa yuko mwaka wa kwanza wa udaktari, kwa ufadhili wa Wizara ya Nyuso, na barua ya ufadhili ina kifungu kimoja tu kinachosomeka bila miwani: neno lolote la mwanafunzi au mzazi wake kinyume na Mng'ao litaufuta. Picha yake imo kwenye kila tyubu, na kubwa kuliko zote imebandikwa mlangoni pa duka la Mtaa wa Kinu, ili wateja wasipotee. Wasichana wa miaka kumi na miwili huja wakiwa wameshikwa mkono na mama zao. "Tupe ile ya binti yako," husema, na Siwatu hunyoosha mkono rafuni. Amezoea kutowatazama usoni.

Lakini wiki iliyopita aliingia mtu aliyejitanda kanga, akasubiri hadi duka likawa tupu, akajifunua. Siwatu alimtambua kwa macho tu. Kwingine kote hapakuwa na kitu cha kutambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kibibi."

Kibibi akaweka tyubu kuukuu ya kijani juu ya kaunta, imebinywa hadi imekunjamana. Akaitazama picha ya mlangoni kwa muda mrefu, bila wivu, kama mtu anayetazama hesabu iliyomshinda darasani.

"Nimefikiri sana," akasema. "Tulipaka krimu moja, mimi na Arafa. Yeye akapona, mimi nikaharibika. Basi kosa ni langu. Nitakuwa nilipaka vibaya. Nakuomba, mama, niambie, Arafa alipaka vipi?"

Siwatu akashika ukingo wa kaunta. Nje, gari la matangazo lilikuwa linapita. Ukutani, Kiongozi alikuwa anatazama, na utepe wake mpya wa kijani.

"Alipaka kidogo," Siwatu akasema. "Kiasi cha punje ya kunde. Alianza siku moja ndiyo, moja hapana. Na alivumilia."

"Ndiyo maana," Kibibi akasema, akitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. "Mimi nilizidisha. Sikuvumilia."

Siwatu akashusha tyubu mpya ya kijani kutoka usawa wa macho, akaifunga kwenye gazeti, akampa kwa mikono miwili. Kila neno alilomwambia lilikuwa la kweli.